Ofisi ya Ulazima wa Safari

Kwa heshima na taadhima, na baada ya sala fupi, tunautangazia umma kwamba tatizo la bei ya mafuta limekwisha. Bei yenyewe haijashuka, na kwa taarifa tulizo nazo bado inapanda. Kilichokwisha ni tatizo. Wataalamu wetu walikaa hotelini mpaka wakagundua kwamba mafuta hayana shida yoyote. Wenye shida ni watu, ambao wamezoea kwenda mahali.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Ofisi ya Ulazima wa Safari, ambayo mimi, kwa neema ya Mungu, ni Afisa wake Mwandamizi. Kazi yetu ni nyepesi kueleza. Zamani mtu alipotaka kuwasha gari alijiuliza mwenyewe kama safari ina maana. Huo ulikuwa mzigo mzito kwa mwananchi wa kawaida. Siku hizi anakuja kwetu, tunamuuliza sisi, na tunamjibia sisi.

Safari tumezigawa madaraja matatu. La kwanza ni Safari ya Lazima. La pili ni Safari Inayoweza Kungoja. Gari lake hubandikwa stika nyekundu kwenye kioo cha mbele, imeandikwa NANGOJA, na halitoki uani. La tatu ni Safari ya Kutubu, kama ile ya bwana mmoja aliyekiri mbele yetu kwamba alitaka kwenda kwa wakwe zake ili tu waone rimu zake mpya. Huyo tulimpa ushauri nasaha, na rimu tukazifunika turubai.

Kabla ya kugonga muhuri mimi hufumba macho na kuomba hekima. Mara nyingi hekima huja upesi, maana Mkurugenzi huwa ameshaniambia jibu.

Mkurugenzi wetu ni mtu wa mfano. Nyumba yake na ofisi zinatazamana. Katikati ipo barabara moja tu, na akiwa barazani na kikombe chake cha chai anaona kama nimechelewa. Hata hivyo huja kazini kwa gari, kwa kuwa cheo hakivuki barabara kwa miguu. Gari hutoka getini, huzunguka soko, hupita stendi, hukaa kwenye foleni, kisha huingia kwetu. Dereva wake mtaa mzima unamwita Mteremko, kwa tabia yake ya kuzima injini kila aonapo barabara imeinama. Siku moja Mteremko alimshauri avuke tu.

"Nivuke kama kuku?" Mkurugenzi aliuliza.

"Kuku anafika, bosi."

Mteremko alishushwa cheo akawa mwosha magari. Alirudishwa baada ya muda mfupi, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua namna ya kulibembeleza lile gari liwake asubuhi.

Basi tukachapa kazi. Mzee mmoja alitaka kwenda kung'oa jino. Tukaona kwamba jino likiachiwa muda hung'oka lenyewe. Fundi wa paa alitaka kupeleka mabati. Tukamwambia arudi mvua ikinyesha, tuone kama kweli panavuja. Dada mmoja aliomba kibali cha kwenda darasa la jioni. Hilo liliniuma kidogo, lakini Mkurugenzi alisema elimu haina mwisho, kwa hiyo haina haraka, nami nikagonga.

Ndipo akaja mke wa kaka yangu.

Shemeji ana tanuri la mkate. Amelihudumia miaka yote kwa mikono yake, pamoja na kaka na vijana wawili wa kukanda. Wateja wake wakubwa ni maduka ya mji wa ng'ambo ya mlima. Mafuta yalipoanza kupanda, alikuwa wa kwanza kubadilika. Pikapu iliyokuwa ikienda asubuhi na mchana ikawa inaenda asubuhi tu. Sukari ya chai kazini ikaondolewa. Kaka akaacha sigara, jambo ambalo wachungaji watatu walikuwa wameshindwa nalo. Walijaribu hata baiskeli, lakini ule mlima hauna utani na mtu mwenye kreti za mkate mgongoni.

"Shemeji, sijaja kukusumbua," alisema akikaa kwenye benchi la waombaji. "Wenye maduka wamenipa mpaka Jumatatu. Mkate usipofika asubuhi, wanahamia wa kiwandani. Wakihama hawarudi. Mimi nazima tanuri, na kaka yako nitamweka wapi? Si unamjua, akikaa bure anaanza kunifundisha kupika."

Mkurugenzi alitoka chumbani kwake kuja kusikiliza.

"Mama, mkate wa leo ukingoja, unakuwa nini?"

"Unakuwa wa jana, mheshimiwa."

"Lakini bado ni mkate?"

"Ni mkate, ila mteja wa asubuhi..."

"Ameungama mwenyewe," Mkurugenzi alisema. "Unaweza kungoja. Afisa, gonga."

Nikafumba macho, nikagonga. Shemeji alinitazama. Mimi nikautazama muhuri.

"Haya, shemeji," alisema akinyanyuka. "Mungu anakuona."

"Ndiye niliyemuuliza," nikamjibu.

Jioni nilikuta meza nyumbani haina kitu.

"Mkate je?" nikauliza.

"Umebandikwa stika," mke wangu alisema bila kugeuka. "Unangoja."

"Na mboga?"

"Mboga nimeiombea kibali ofisini kwenu. Wakijibu nitaiteleka."

Niliomba sana jioni ile, kwa sababu nilikuwa na nafasi na nilikuwa na njaa. Jibu lilikuja kesho yake, likiwa limesainiwa na Mkurugenzi mwenyewe. Lilikuwa Agizo la Kiti Kitupu: gari lolote litakalokutwa barabarani na kiti kitupu litahesabiwa kuwa linasafirisha hewa, nalo litabandikwa stika papo hapo. Mkurugenzi aliyapenda sana maneno "gari lolote". Alinisomea mara mbili kwa sauti ya redio. Akayapeleka kwa maafisa wa vizuizi, vijana wapya aliowafundisha mwenyewe wasimwogope mtu.

Jumatatu hiyo ilikuwa Siku ya Kutulia. Sherehe ilipangwa katika mji wa ng'ambo ya mlima, na wananchi walikuwa wanasombwa kwa malori kutoka kila upande ili wafundishwe faida za kubaki nyumbani. Mama Waziri angefungua. Mkurugenzi angehutubia. Gari lake kubwa lina viti saba, na wasafiri tulikuwa watatu tu: yeye, mimi na Mteremko. Niliwaalika wafanyakazi wote wa ofisi wajaze nafasi, lakini posho za safari zilikuwa zimefutwa, na kila mmoja akawa na mgonjwa.

"Mkurugenzi," nikamwendea, "kuna viti vinne vitupu."

"Vijaze."

"Kwa kitu gani?"

"Afisa, mimi natoa agizo. Utekelezaji ni wa kwako." Akaondoka kwenda kupimwa suti.

Niliomba mwongozo, nikaanza kutembea, na miguu ikanifikisha kwenye tanuri la shemeji. Sisemi zaidi ya hapo. Njia za Mungu hazichunguziki.

"Viti vinne?" shemeji aliuliza, ametapakaa unga mpaka kwenye nyusi. "Na buti?"

"Buti halikutajwa kwenye agizo."

"Masikini. Basi tulitendee wema."

Jumatatu alfajiri Mkurugenzi alitoka getini kwake katika suti nyeusi. Mteremko akamfungulia mlango. Mkurugenzi akainama kuingia, akasimama tena.

"Harufu gani hii?"

"Utekelezaji, Mkurugenzi," nikasema.

Ndani, trei za mkate wa moto zilikuwa zimepangwa mpaka darini. Zile za kwenye viti zilikuwa zimefungwa mikanda, maana usalama kwanza. Nafasi yake tuliiacha wazi. Juu yake ilikuwepo trei moja tu.

"Na hii?"

"Hiyo ilikosa kiti. Ni ya kupakata."

Alifungua mdomo kunifukuza kazi. Kisha akatazama mbele, na mwisho wa mtaa akawaona vijana wake wa kizuizi, stika mkononi, macho makavu. Akaingia. Akapakata.

Kijana wa kizuizini alichungulia, akapiga saluti. "Gari la mfano," alisema kwa unyenyekevu.

Mteremko aliupanda mlima polepole, na ulipoanza kushuka akazima injini, gari likateleza kimya kabisa. Katika kimya kile nilisikia nyuma yangu kitu kikitafunwa. Sikugeuka. Ukifikia uandamizi unajua wakati wa kutogeuka.

Uwanjani watu walikuwa wamejaa. Walikuwa wameshushwa kwenye malori tangu usiku, hawajaonja kitu. Waziri alikuwa ameshakaa jukwaani, akiwa amefika na msafara wake mrefu ambao magari yake yalikuwa bado yananguruma pembeni ili viyoyozi visizimike. Bendi ilikuwa inapiga. Sisi tulipoingia, bendi ikaacha kupiga, kwa sababu mpiga tarumbeta alisikia harufu.

"Mkate! Mkate umefika!"

Uwanja mzima ukageukia kwetu. Wenye maduka, ambao shemeji alikuwa amewapigia simu, walipenya mbele kwa viwiko. Mmoja akagonga kioo cha Mkurugenzi.

"Kaka, shusha upesi upesi, watoto wanakwenda shule."

"Mimi ni Mkurugenzi!"

"Hongera sana. Shusha."

Mteremko akafungua buti. Foleni ikajipanga yenyewe, na niseme kwa haki kwamba ilikuwa foleni ya kwanza nchini kuundwa bila kamati. Jukwaani hakubaki mtu wa kuangaliwa. Waziri, ambaye hakuzoea kuona migongo, akashuka kuja kujua kuna nini. Alimkuta Mkurugenzi amesimama kando ya gari, unga umemjaa kuanzia kifuani hadi magotini.

"Mkurugenzi, umekuja na nini?"

"Na hotuba, Mheshimiwa."

"Ipi? Hii niliyotumiwa kwenye simu tangu Ijumaa?"

"Hiyo hiyo, Mheshimiwa."

"Na hawa wananchi?"

"Nao walitumiwa. Wote."

Waziri akanigeukia. "Wewe ndiye wa madaraja? Safari ya kuleta kitu ambacho kimeshafika, hiyo ni daraja gani?"

Nikafumba macho. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu, hakuna aliyekuwa ameniambia jibu mapema, na hekima ilikawia. Nilipofumbua jicho moja, nilimwona Mkurugenzi akinikonyeza kwa nguvu, na nyuma yake yule mwenye duka akiwa amekumbatia mikate kama mtu aliyempata ndugu yake. Nikamkumbuka kaka nyumbani, akimfundisha mkewe kupika.

"Ni Safari ya Kutubu, Mheshimiwa," nikasema. "Isipokuwa kama kulikuwa na mzigo."

Kijana mmoja wa stika, kati ya waliowekwa langoni mwa uwanja, alikuwa ameshabandua karatasi ya nyuma ya stika yake. Mkurugenzi alimtazama yeye, akautazama mlima, akavitazama viatu vyake vipya.

"Nilileta mkate," alisema.

"Nyuma huku hatusikii!" mtu akapaza sauti kwenye foleni.

"NILILETA MKATE!"

Tangu nizaliwe sijasikia kiongozi akishangiliwa vile. Waziri, akiwa mtu wa kusoma uwanja, alipanda kwenye kreti na kutamka hapo hapo: Mkurugenzi ataleta mkate kila asubuhi mpaka bei ya mafuta itakaposhuka, na siku gari lake litakapokosa mkate halitavuka geti.

"Hata kwenda ofisini?" Mkurugenzi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ofisini utafika, bosi," Mteremko alimfariji.

Mambo yangeishia hapo kwa amani. Lakini kulikuwa na bibi mmoja kwenye foleni, mkate wake ameshaupata, na mtu aliyeshiba hana haraka.

"Mwanangu," alimwambia Waziri, "na hayo yako yanayonguruma pale, yameleta nini?"

Waziri alicheka. Foleni haikucheka. Vijana wa stika, ambao walifundishwa wasimwogope mtu na wakafundishika, walikuwa tayari wanatembea kuelekea kwenye msafara, wakichungulia viti. Viti vitupu vilikuwa vingi. Waziri akatazama kulia, akatazama kushoto. Pembeni ya gari letu palikuwa na trei tupu, zimepandana kama mnara.

"Mimi," alisema, "nimekuja kuchukua trei."

Ukweli ukishatamkwa hadharani na Waziri unakuwa sera. Trei zilipakiwa, mbili mbili kila kiti, na mimi nikawekwa gari la mbele kuzishika zisigongane. Tukaupanda mlima kwa ving'ora. Watu walisimama barabarani kutupungia. Tulipofika kwenye tanuri, Waziri alishuka mwenyewe na trei kifuani, akasimama mlangoni akisubiri kupokewa.

Shemeji alitoka akipangusa mikono kwenye aproni. Moto ulikuwa unawaka nyuma yake, na kaka alikuwa anakanda unga wa kesho akipiga mluzi. Shemeji aliangalia trei kwanza, akaigeuza kuona kama imepinda. Kisha akamwangalia Waziri, na magari yote yaliyoziba mtaa.

"Karibu. Pitia mlango wa nyuma, mama yangu, huku mbele kuna wateja," alisema. "Na waambie hao wenzako wazime injini. Mafuta yamepanda, hamjasikia?"