Kiti cha Kauthar na Mipira Yangu Minne

Jumatatu, 8 Agosti 1994

Mzigo wa mitumba umefika kutoka Dar. Chini ya makoti, kiti cha mtoto cha gari! Cha bluu, kina mikanda yake na karatasi yenye picha za mishale. Maandishi ni ya Kijapani. Siyahitaji.

Kimekuja wakati wake. Mwezi jana nilifunga breki kumkwepa punda, Kauthar akapasuka mdomo kwenye dashibodi. Tangu siku hiyo mke wangu Kudra amegoma: binti yetu wa miaka miwili hapandi tena Korola yangu. Na Jumamosi tunatakiwa Misigiri kwa mama mkwe, hajamwona mjukuu tangu aanze kutembea. Kudra amesema nisipopata njia ya kumkalisha salama, wataomba gari la Naftali. Naftali! Huyu muuza mafuta ya alizeti wa duka la mbele, ambaye mwanawe ana kiti tangu Pasaka na mtaa mzima tumeambiwa.

Jumanne, 9 Agosti

Nimekiweka kiti juu ya kaunta, watu wakione. Akaja Esta, mke wa Naftali, muuguzi wa kliniki ya watoto. Akanieleza kwamba kinakaa siti ya nyuma, mkanda wa gari upite kwenye matundu ya mgongoni mwake, uvutwe mpaka kisitikisike. Nikamshukuru kwa adabu. Ila maelekezo kutoka nyumba ile sipokei. Na kikikaa nyuma, nani atakiona?

Kitakaa mbele. Nitakifunga kwa mipira ya tyubu. Nimefunga matenga ya kuku kwenye baiskeli miaka kumi na miwili, kutoka kijijini Mungaa hadi mjini, na hajaanguka kuku hata mmoja. (Yule jogoo aliruka mwenyewe.)

Jumatano, 10 Agosti

Mipira minne! Nimekitikisa, kinacheza kidogo. Kinatakiwa kicheze, mpira una huruma. Nikaizunguka stendi mara tatu, kiti kitupu, kioo nimeshusha. Naftali akauliza nimebeba kuku wangapi. Sikumjibu. Nilimjibu baadaye, nikiwa peke yangu bafuni. Jibu zuri sana.

Alhamisi, 11 Agosti

Kudra kasema kabla ya mtoto, tujaribu vitunguu. Tukampima Kauthar kwenye mizani ya duka: kilo kumi na mbili. Tukajaza kilo kumi na mbili kwenye kiroba, tukakifunga kitini. Kudra akakivisha kofia ya Kauthar. Sikuona sababu ya kofia.

Barabara ya Mwankoko, hakuna mtu. Kudra akashuka asimame pembeni, aangalie. Nikaongeza mwendo, nikafunga breki. Mipira ikavutika, kiti kikaenda kugonga dashibodi, kisha mipira ikakirudisha kwa hasira kikanipiga sikioni. Redio kaseti imekufa. Vitunguu mpaka chini ya pedali!

Kofia niliikuta juu ya dashibodi, palepale Kauthar alipopasukia mdomo. Niliogopa. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: niliishika ile kofia nikaipangusa vumbi mara tatu, na haikuwa na vumbi. Kudra akaanza kuokota vitunguu, kimoja kimoja. Heri angenifokea.

Kosa ni la vitunguu. Kitunguu hakijui kujishikilia.

Ijumaa, 12 Agosti

Nimetoka kuswali Ijumaa, namkuta Esta ndani ya gari langu! Kudra ndiye kamwita. Kiti kimehamia nyuma. Esta amekikandamiza kwa goti, anavuta mkanda wa gari kwenye matundu, jasho linamtoka. Nikakitikisa nionyeshe ubovu wa kazi. Gari lote likatikisika, kiti hakikusogea. Nikasema kimebana mno, mtoto atateseka. Kauthar akapandishwa, akafungwa, akakataa kushuka mpaka alipohongwa kipande cha muwa.

Esta akanikumbusha kwamba dereva naye ana mkanda. Nilicheka! Mkanda ni wa watoto na waoga. Mipira yangu nimeitupa ghalani, lakini kwa heshima.

Jumamosi, 13 Agosti

Naandika nikiwa Misigiri, kichwa kimefungwa kanga ya mama mkwe.

Ng'ombe! Tunakaribia kijiji, kundi zima likakata barabara ndani ya vumbi. Nikafunga breki kwa miguu yote miwili. Kauthar akayumba kidogo ndani ya mikanda yake, akapiga makofi, akasema, "Baba, tena!" Kudra, pembeni yake, alikuwa amejifunga. Hana hata mkwaruzo. Mimi nilikutana na kioo cha mbele. Kioo kina ufa, mimi nina nundu.

Nikamwamkia mkwe shikamoo huku damu ikinitoka puani. Akaitikia marahaba, akauliza katika gari hilo nani alikuwa amefungwa mkanda. Kudra akamweleza kwa Kinyiramba. Wakacheka kuliko urefu wa maelezo. Mimi Kinyiramba sijui, lakini jina la Esta nililisikia mara mbili.

Wacheke. Mtoto wangu ni mzima, nimembeba mpaka nikachoka mikono. Na kiti nani alikipata? Mimi! Ila kuondoka hapa nimejifunga ule mkanda, Naftali akasikia kwamba mkewe kaniamuru? Haiwezekani. Tena unabana shingo.

Dawa nimeshaipata. Nyuma ya nyumba kuna baiskeli ya mkwe, na kwenye keria yake nimeona mipira miwili mizuri, minene kuliko yangu. Kesho asubuhi naiazima. Mmoja kifuani, mmoja tumboni.