Ufunguo kwenye Dashibodi

Jumatatu, 4 Agosti
Baba mkwe katoa hukumu. Mdogo wa mke wangu ataolewa Jumamosi, na atapanda gari kongwe kuliko yote katika familia. Tunayo mawili ya spoti, mapacha kwa macho: langu na la shemeji, kaka wa mke wangu. Mzee anajua alama moja tu. La zamani huchomekwa ufunguo kwenye dashibodi. La baadaye, ubavuni mwa usukani. Langu ni la baadaye. Kwa sasa.

Jumanne, 5 Agosti
Nimepata dashibodi ya zamani kwa muuza vyuma chakavu. Ya mbao! Tundu la ufunguo katikati, geji zote zipo. Ya mafuta imeganda kwenye "limejaa". Siku njema huonekana asubuhi.

Jumatano, 6 Agosti
Fundi kaja nyumbani, kafunga dashibodi, kahamisha nyaya. Kauliza lile tundu la ubavuni tulifanyeje. Nikamwambia ni ushahidi. Nikalijaza gundi ya chuma mwenyewe, nikapaka rangi nyeusi. Akaanza kueleza kuwa tundu hilo lina kazi nyingine. Nikamkata kauli: mwenye gari nani? Akaenda kunawa mikono.

Alhamisi, 7 Agosti
Mzee kaja kukagua. Kazungusha ufunguo kwenye dashibodi, injini ikanguruma. Akanipiga bega, akaniita mwanangu. Miaka yote ya ndoa huniita "huyu". Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo. Shemeji akanung'unika kwamba hata mkono wa indiketa ni wa gari la juzi. Wivu tu.

Jumamosi, 9 Agosti
Bibi harusi kando yangu, shela mapajani. Nikaondoka kwa mbwembwe. Getini nikakata kulia. Usukani haukugeuka! Kumbe tundu la ubavuni ndilo linalofungua kufuli la usukani. Tulivuka barabara moja kwa moja hadi ndani ya ua wa michongoma wa jirani. Hakuumia mtu, ila shela ilibaki miibani. Shemeji akamchukua bibi harusi kwa gari lake. Mzee akamuuliza mke wangu, "huyu" amekunywa nini.

Jumapili, 10 Agosti
Nimetafakari kwa kina. Gari halina kosa. Kosa ni la kona. Mwezi ujao Mzee ana safari, nitampeleka mimi, na safari hii ataniita mwanangu mbele ya wote. Nimeshamwomba jirani asizibe lile pengo kwenye ua. Njia iliyonyooka tayari ipo.