Jaketi la Mabaka Nililolizeesha Mwenyewe

Jumatatu, 11 Novemba

Posta imefungwa kwa sikukuu ya wapiganaji wa zamani. Mzigo wangu umelala humo ndani. Nimeuchungulia kupitia kioo cha mlango mpaka polisi akasimamisha gari kuniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa kabisa.

Habari kubwa: Otis amehamia Florida kwa sababu ya magoti. Maskini Otis! Maana yake Mzee Hollis Crabtree hana mwenzake wa kuwinda naye. Mzee Hollis ana msitu wake mwenyewe, mialoni mitupu, unaofurika maji kila majira ya baridi, na bata mwitu hushuka humo kama wamealikwa. Huingia na mtu mmoja tu. Miaka yote alikuwa Otis.

Mimi nauza matairi hapa Arkansas, nina miaka hamsini na moja, na maisha yangu yote nimewinda kwenye msitu wa serikali, bega kwa bega na nusu ya wanaume wa mji jirani wa Memphis, kila mmoja anapuliza filimbi ya kuitia bata kama trafiki njia panda. Naitaka nafasi ya Otis kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. (Nadine, kama unasoma hapa: isipokuwa wewe.)

Tatizo ni shemeji yangu Royce, kaka wa mke wangu Nadine. Naye anaitaka. Na Royce ana jaketi la marehemu baba yao. La mabaka, la jeshi, lilinunuliwa kwenye maghala ya jeshi Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha. Limepauka vizuri mno. Royce mwenyewe hawezi kumpiga bata aliyelala usingizi, lakini ndani ya jaketi lile unaweza kuapa kwamba aliota msituni pamoja na mialoni.

Mzee Hollis amesema siku ya kufungua msimu, Jumamosi tarehe 23, twende wote wawili. Atatutazama, kisha atachagua.

Jumanne, 12 Novemba

Jaketi langu nililoagiza limefika! Tangazo lilisema limebuniwa kwa kufuata majaketi ya zamani ya vitani. Labda vita vya jana jioni. Linang'aa kama jani la plastiki. Nikiinua mkono linalia kama mfuko wa biskuti. Ndani kuna mfuko mdogo umechorwa simu, ili askari asipate shida.

Nimelivaa nikaingia nalo jikoni. Nadine kaniangalia kwa muda, kisha kasema nafanana na kochi la bibi yake. Baadaye kidogo akarudi kusahihisha: kochi la bibi lilikuwa na heshima zake.

Sawa. Bata hawamfahamu bibi yake. Lakini Mzee Hollis ana macho. Jaketi hili lazima lizeeke miaka sabini kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo.

Alhamisi, 14 Novemba

Mbinu ya kwanza. Nimelifunga kwa kamba nyuma ya pikapu, nikalivuta kwenye barabara ya changarawe kando ya mashamba ya mpunga. Polepole, redio inaimba, roho kwatu.

Nyuma yangu kukatokea gari linawasha taa na kupiga honi bila kukoma. Royce! Alidhani navuta mtu. Aliposhuka alikuwa ameshavua kofia kabisa, kwa ajili ya marehemu. Akasogea, akainama, akaligeuza jaketi kwa ncha ya kiatu.

"Shem," akasema, "huyu alikukosea nini?"

Nikamjibu kwamba nilikuwa najaribu uimara wa kamba. Akasema kamba anaiona ni nzima, wasiwasi wake ni kwa dereva.

Matokeo: kiwiko kimoja kimechanika, zipu imepinda. Rangi bado inang'aa vilevile. Watengenezaji wanajua kazi yao, wajinga hawa.

Jumapili, 17 Novemba

Mbinu ya pili: kahawa. Jana asubuhi nilimimina sufuria nzima ya kahawa nzito kwenye mashine ya kufulia, nikatumbukiza jaketi, nikawasha maji ya moto. Likatoka limepauka vizuri, limelegea, limekomaa. Karibu nilie.

Sikujua kwamba Nadine alikuwa na zamu ya kufua majoho meupe ya kwaya. Na mashine, nimekuja kuelewa, hubaki na kumbukumbu.

Leo kwaya yetu imeimba nyimbo tatu ikiwa na rangi ya chai ya maziwa.  Mchungaji alipofika kwenye sala ya toba alifumbua macho akanitafuta mimi.

Nadine anazungumza na jiko. Mimi nakaa karibu nasikiliza.

Jumanne, 19 Novemba

Nimevaa jaketi kwenda kula kambare wa kukaanga mkahawani, makusudi kabisa, kwa sababu Jumanne Mzee Hollis hula pale. Kweli, akaja mpaka mezani kwangu. Akashika kola kwa vidole viwili. Akauliza nimelipata wapi.

Nilikuwa nimepanga kujibu kwa ufupi na kwa fumbo. Mdomo ukatangulia. Mdomo ukasema ni la marehemu mjomba wangu Delbert, alilivaa visiwani, vitani, Bahari ya Pasifiki. Ukaongeza mvua. Ukaongeza mbu.

Mjomba Delbert alikuwepo, hilo si uongo. Ila jeshi lilimkataa kwa sababu ya unyayo bapa, akauza miwani mpaka anakufa.

Mzee Hollis akavua kofia kumheshimu Delbert. Nikajisikia vibaya sana. Hali hiyo iliendelea hadi pai ya karanga ilipoletwa.

Royce alikuwa kaunta, na pua yake iko vizuri kuliko macho yake. Alipopita akanusa, akasema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni kwamba ajabu, jaketi la baba yake hunuka bata, hili la Delbert linanuka kifungua kinywa.

Ana hoja. Nakiri hapa tu.

Jumatano, 20 Novemba

Suluhisho! Duka la vyakula vya mifugo lina chupa ya harufu ya bata. Ndiyo wanayotumia kufundishia watoto wa mbwa: unampaka bata bandia, unamrusha, mbwa anajifunza kuokota. Muuzaji kasema matone mawili yanatosha. Kaniuliza mbwa wangu ana umri gani. Nikasema hamsini na moja.

Matone mawili ni ya mtoto wa mbwa. Mimi nahitaji harufu ya miaka sabini. Nimemimina chupa nzima.

Nadine amenihamishia kwenye kibanda cha zana. Mimi na jaketi. Anasema ni mmoja wetu tu atakayerudi ndani, na yeye ndiye atakayeamua ni yupi.

Jumamosi, 23 Novemba

Siku yenyewe. Niandike upesi kabla akili haijaanza kuipamba.

Tulikutana kwa Mzee Hollis kabla ya kupambazuka. Uji wa mahindi, soseji, kahawa. Mzee Hollis amevaa koti la kazi la turubai, la kahawia, linanuka petroli. Halina baka hata moja! Nikamhurumia, mzee wa watu. Royce ndani ya jaketi la baba yake. Mimi ndani ya la Delbert. Mbwa, Maybelle, jike jeusi, fahari ya mzee, akainuka alipolala, akanijia, akaweka pua kifuani kwangu asiitoe. Mzee Hollis akasema Maybelle si mbwa wa kuzoea watu ovyo. Nikaona hii ni ishara. Nikamtazama Royce kwa huruma.

Tukaingia majini mpaka kiunoni, na suruali zetu za mpira zinazofika kifuani, kila mtu na mwaloni wake. Kupambazuka, ukungu, kimya. Bata watatu wakashuka kati ya miti. Mzee Hollis akapiga mmoja. Safi. Akamtuma Maybelle.

Maybelle akaogelea moja kwa moja hadi kwa yule bata. Akampita. Akaja kwangu.

Akanishika mkono wa jaketi, kwa upole, bila kung'ata, kama alivyofundishwa, akageuka kuelekea kwa bwana wake. Nikamnong'oneza aniache. Akavuta. Nikakumbatia mwaloni. Akavuta zaidi, na huyu mbwa ana nguvu za trekta. Nikaanguka, maji ya Novemba yakaingia kifuani mwa ile suruali yakashuka mpaka vidole vya miguu, na sauti niliyoitoa iliondosha kila bata kutoka pale hadi Louisiana.

Akanifikisha. Akakaa ndani ya maji mbele ya bwana wake, kichwa juu, mkono wangu mdomoni. Mzee Hollis akasema, "Acha," akaupokea mkono wangu kama anavyopokea bata. Akanitazama.

"Haya, Virgil," akasema. "Nikunyonyoe, au nikurudishe?"

Royce akauliza kama nahesabiwa kwenye idadi ya bata tunaoruhusiwa leo.

Wakanitoa hadi kwenye tuta, kwenye kijumba cha jiko. Mzee Hollis akampigia simu Nadine alete nguo kavu. Jaketi likatundikwa karibu na moto, mvuke ukapanda, hata Maybelle akaanza kudondosha mate. Mzee akageuza kola, akavaa miwani, akasoma lebo iliyoshonwa ndani. Polepole. Kwamba lisikaushwe kwa mashine.

"Mjomba Delbert," akasema, "alikuwa na mashine ya kukaushia kule kisiwani?"

Nikasema huenda jeshi letu lilikuwa limejiandaa vizuri.  Akafungua ule mfuko wenye picha ya simu, akautazama, akaufunga tena, kama mtu anayemfunika maiti.

Nadine akafika anakwenda kwenye mazoezi ya kwaya, amevaa koti lake jekundu la kanisani. Jekundu kama gari la zimamoto! Alikuwa ameshuka tu, yuko juu ya tuta na nguo zangu mkononi, bata wakatokea. Kundi kubwa, wanazunguka juu ya miti. Mzee Hollis akainua kidole. Sote tukaganda. Royce akapuliza filimbi yake, ikatoa sauti ya mlango unaohitaji mafuta, bata wakapanda juu.

Ndipo Nadine, bila kugeuza hata shingo, akaita. Kwa mdomo mtupu. Akaita kama bata jike aliyeona chakula na hana haraka. Kundi lote likageuka. Wakashuka kama majani, mguu mbele, mabawa wazi, hadi majini, hatua chache kutoka kwenye lile koti jekundu. Hakuna aliyepiga. Mzee Hollis alisahau kwamba ana bunduki.

Baadaye akamuuliza Nadine nani alimfundisha.

"Baba," akasema Nadine. "Alitufundisha wote wawili, pale barazani. Royce alikuwa anasinzia."

Miaka ishirini na sita ya ndoa. Mimi nilidhani ile sauti anayoitoa bustanini ni kikohozi.

Jumatatu, 25 Novemba

Mzee Hollis amepiga simu. Nikapokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza. Akanijulia hali, akauliza kama nimekauka. Nikasema karibu. Kisha, kwa adabu zote, akaomba kuzungumza na mke wangu.

Amempa nafasi ya Otis.

Nadine alisema atafikiria. Akafikiria mpaka mwisho wa sentensi, akakubali.

Kisha mzee akaomba kuzungumza nami tena. Akaniambia hana kinyongo, na kwamba nikitaka ushauri wake ni huu: bata hawajali umevaa nini. Bata huona kitu kinachotikisika. Mtu asimame tuli, anyamaze, aujue mlio, basi. Mengine yote ni ushonaji. Nikamshukuru sana. Mtu mzuri, Mzee Hollis. Lakini umri umekwenda, nadhani hajaelewa alichokiona kwa macho yake mwenyewe.

Royce alipita dukani kununua tairi ambalo halihitaji. Tukakaa juu ya mirundo ya matairi. Akasema dada yake tangu utoto alikuwa mtu wa kuingilia mambo ya watu. Nikasema kweli kabisa, shem. Sijawahi kumpenda Royce kama leo.

Jumamosi, 30 Novemba

Nadine ameondoka alfajiri na Mzee Hollis na Maybelle. Amebeba keki ya mahindi. Mimi nimeachiwa majoho ya kwaya, yanahitaji kufuliwa mara ya nne.

Nimekaa jikoni nimefikiri kwa utulivu, bila wivu, kama mtu mzima. Tuchukue ushahidi. Jaketi la mabaka la Royce: bata sifuri. Jaketi la mabaka la kwangu: bata sifuri, mbwa mmoja. Koti jekundu: kundi zima, hatua chache! Jambo liko wazi mno, sijui kwa nini hakuna aliyeliona.

Nimeagiza koti jekundu. La sufu, saizi yangu, vifungo vikubwa, limebuniwa kwa kufuata makoti ya zamani ya kanisani. Linafika Jumanne. Tatizo ni kwamba litakuwa jipya, na bata wa msitu ule wamezoea la Nadine, la miaka kumi na tano ya ibada.

Nimempigia mchungaji kumuuliza kama anaweza kuniazima benchi moja la mbele, nilifunge koti juu yake, nivute vyote nyuma ya pikapu; kamba ninayo.