Nilivyomjibia Mgonjwa Mbele ya Mwalimu

Leo nimeadhirika. Tena mbele ya wodi nzima ya akina mama, saa nne asubuhi, na nina hasira hata chai haipiti.

Niko fildi, mafunzo ya vitendo, mwaka wa pili wa uuguzi, hospitali moja hapa Dodoma ambayo siitaji (bado nahitaji saini zao). Hii ni wiki ya sita. Kwa wiki sita nimejifunza nini? Kupeleka sampuli maabara. Kutandika vitanda. Kujua mama yupi pale nje anauza chapati laini, maana inchaji, nesi mkuu wa wodi yetu, hapendi chapati ngumu. Mgonjwa sijamgusa. Kila nikishika mashine ya presha, inchaji anasema, "Weka chini hiyo, utaniharibia. Hebu kimbiza hizi sampuli."

Kupima presha nilijifunzia chuoni, kwenye mdoli. Mdoli mmoja, darasa zima. Tunamwita Mama Subira kwa sababu hajawahi kulalamika. Sasa mwalimu alikuwa mkali kwenye jambo moja: usimguse mgonjwa mpaka umsalimie, ujitambulishe, umwombe ridhaa, naye akubali. Ukiruka hapo, maksi zinakwenda. Na mdoli haongei. Kwa hiyo wote tulizoea kumjibia. Unauliza, "Mama, uko tayari?" Halafu unabana sauti, "Ndiyo nesi, niko tayari." Mwalimu anaweka tiki, unaendelea. (Mimi nilisifiwa. Nilikuwa namwekea hadi kikohozi.)

Leo mwalimu huyohuyo kaja kututahini wodini. Ukifeli, unarudia fildi wakati wenzako wako likizo. Na mimi nilishamwambia mama yangu kule Kongwa kwamba Jumamosi nipo nyumbani.

Mwalimu akanionyesha kitanda cha dirishani. "Mpime presha yule bibi."

Bibi wa Bahi, mwembamba, amekaa wima anatutazama. Binti yake yuko pembeni anamenya chungwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Mpaka hapo safi kabisa. "Naitwa Neema, ni mwanafunzi wa uuguzi. Naomba nikupime presha. Uko tayari?"

Bibi akafungua mdomo ajibu. Mimi nikamuwahi. Nikabana sauti, ya kizee kabisa: "Ndiyo nesi, niko tayari."

Nikaanza kumfunga mkanda mkononi. Haki ya Mungu sikuona kosa lolote. Nilichoona ni yule binti kaacha kumenya chungwa. Bibi naye akageuka nyuma, akageuka pembeni, anatafuta nani kaongea.

"Nani kakubali?" akauliza.

Nikauachia mkanda.

"Mimi nipo hapa na mdomo wangu ninao. Niulize mimi."

Nikauliza upya, pole pole. "Bibi, naomba nikupime presha. Uko tayari?"

"Hapana," akasema. "Nimechoka kufungwafungwa mikono. Tangu jana mnanifunga na hamniambii imefika ngapi."

Hapo ndipo nilipoisha. Mdoli hajawahi kukataa! Sikuwa na sentensi ya kufuata. Nilibaki nimesimama naminya mpira wa mashine, fii, fii, mkanda hata haujafungwa vizuri. Wodi nzima ikaangua kicheko. Wagonjwa, ndugu waliokuja kuwaona, hadi mama aliyefanyiwa upasuaji juzi anashika tumbo anaomba tunyamaze.

Na anayecheka kuliko wote ni nani? Inchaji. Ameegemea mlango anafuta machozi. "Wanafunzi wa siku hizi," anamwambia mwalimu, "sijui huko chuoni mnawafundisha nini."

Damu ikanichemka. "Chuoni nilifundishwa kwa mdoli, inchaji," nikasema. "Hapa nililetwa nifundishwe kwa watu. Mtu wa kwanza niliyepewa nimshike ni huyu bibi, leo, siku ya mtihani." Ilinitoka kabla sijaifikiria. Kicheko kikakatika. Nikamtazama mwalimu, nikijua sasa atamuuliza inchaji swali hata moja. Hakuuliza. Akaandika "arudie" kwenye karatasi yangu, akaenda kwa mwanafunzi mwingine.

Yaani nimefeli mimi. Inchaji hajafeli kitu.

Nilikuwa nakusanya mashine haraka nikalie chooni, bibi akanivuta sketi. "Njoo unipime sasa," akasema. "Ila uniambie imefika ngapi." Nikampima mara mbili, maana ya kwanza nilikuwa nausikia moyo wangu tu. Nikamtajia namba, nikamweleza kwamba iko juu kidogo na nitamwambia daktari. Akaniuliza namba hizo maana yake nini, nikamfafanulia mpaka akaridhika. Binti yake akanipa nusu ya chungwa.

Nikaenda kwa inchaji na kitabu changu cha fildi, kile cha saini, anisainie hiyo presha moja niliyopima.

"Hiyo haihesabiki," akasema bila kuinua macho. "Mwalimu ameshapita."

Kwa hiyo wenzangu wanakwenda likizo, mimi nabaki wiki nne zaidi, wodi ileile, inchaji yuleyule. Mama nimempigia, naye kacheka. Chekeni na nyie, nawaona. Ila mwakani namaliza chuo, na siku mtakayolazwa, nesi wenu ni mimi.