Mto Usiolalamika

Kurugenzi ya Mafunzo ya Haraka iliutangazia umma, kwa furaha kubwa, kwamba mgonjwa hahitajiki tena katika masomo ya uuguzi. Uchunguzi ulikuwa umebaini kuwa wagonjwa ndio wanaochelewesha shahada: wanapona polepole, wanauliza maswali, na wengine hupiga kelele sindano ikiwagusa. Wanafunzi wote wakahamishiwa mtandaoni. Kila mmoja aliagizwa awe na simu, bando na mto wa kuchoma sindano.

Binti wa fundi cherehani alishonewa mto na mama yake, ukatariziwa mishipa kwa uzi mwekundu. Akauchoma asubuhi, akauchoma jioni, hadi sufi ikaanza kuchomoza.

"Mwanangu, mgonjwa wako keshakufa," mama alisema.

"Nimepata alama zote, mama."

"Haya, nichome mimi basi, tuone."

Binti akautazama mkono wa mama. Haukuwa na uzi mwekundu popote. Akaiweka sindano chini. Na baada ya mahafali angekabidhiwa wodi nzima!

Kesho yake akaenda kwa Mkurugenzi kuomba ajifunze wodini, japo siku moja, chini ya Sista Mkuu, mkufunzi wa zamani ambaye sasa alikuwa amepandishwa cheo kuwa Mkaguzi wa Mito.

"Mto wako umewahi kulalamika?" Mkurugenzi alimuuliza.

"Hapana, Mheshimiwa."

"Umewahi kufa?"

"Mama anasema umekufa."

"Mama yako ni mtaalamu wa afya?"

"Ni fundi cherehani."

"Basi aishie kwenye pindo. Ombi limekataliwa kwa maslahi ya kasi."

Siku ya mahafali, Mkurugenzi alihutubia juani ndani ya joho zito. Itifaki ilisema maji yaje baada ya hotuba, na hotuba ilikuwa yake, kwa hiyo haikuisha. Alipofika kwenye "hatimaye" ya tatu, akaanguka chali.

Wakambeba hadi wodini. Akili zilimrudia, ila midomo ilikuwa imekauka kama karatasi. Alihitaji dripu. Binti alisimama kando ya kitanda, sindano mkononi, akiutafuta uzi mwekundu; Sista Mkuu alikuwa nyuma yake.

"Huyu asiniguse!" Mkurugenzi alifoka. "Sista, nitundikie wewe!"

"Siwezi, Mheshimiwa. Uliniondoa wodini. Mimi nakagua mito tu."

"Basi msimamie, mwelekeze!"

"Hiyo itakuwa kumfundisha mbele ya mgonjwa. Waraka wako unakataza."

"Nimeufuta!"

"Kwa huyu peke yake?"

"Kwa wote! Wote, Sista, nafa miye!"

Sista Mkuu alienda mlangoni, akaufungua wazi. Wahitimu wote walikuwa pale nje na majoho yao, wakichungulia.

"Ingieni, wanangu. Darasa limefunguliwa rasmi. Mwalimu mkuu kajitolea mkono wake."

Wakaingia kwa msururu, wakakizunguka kitanda.

Binti aliweka kidole kwenye mkono wa Mkurugenzi. Sista alikishika, akakisogeza kidogo. Hapo mshipa ukadunda. Binti alishtuka, kisha akatabasamu; mto haukuwahi kumjibu hivyo.

"Mheshimiwa, itauma kidogo."

"Na nikipiga kelele?"

"Piga tu," alisema, akiisogeza sindano. "Hicho ndicho kipindi tulichokosa."