Hakuna Kiti Kinachotoka Bila Mimi Kukikalia

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya historia! Nimezindua Sanduku la Mawazo. Semina niliyohudhuria wiki iliyopita (siku tatu nzima, nilikaa karibu na mlango wa chai, sikupitwa na kitu) ilisema biashara isiyobuni inakufa imesimama. Basi mimi, Mkurugenzi wa karakana ya viti yenye mafundi saba, nimeamua tubuni. Yaani wao wabuni. Mimi niongoze.

Sanduku nimeliunda kwa mikono yangu mwenyewe. Mbao ngumu. Tundu jembamba, ili mawazo mazito yasipite ovyo ovyo. Kufuli la lango. Ufunguo mmoja tu duniani, nao uko mfuko wa nyuma wa suruali yangu, umefungwa kifungo.

Nimehutubia saa nzima na robo. Nikasema hapa hakuna bosi, sote ni sawa, kila mtu aseme lake. Nikauliza nani ana la kusema. Wanajua utaratibu: hakuna anayefungua mdomo kabla yangu, na nikishaongea mimi, kinabaki nini? Msimamizi wangu, ambaye mafundi wamembatiza Ndiyo Mzee, alipiga makofi mpaka saa ikamchomoka mkononi.

Dada Kipimo peke yake ndiye aliyenyoosha mkono. Fundi wangu bora huyu, miaka kumi na moja yuko nami. Jina kalipata kwa sababu anapima kila kitu, hata sukari ya chai anaipima kwa rula. Akauliza habari ya viti sitini vya shule ya chekechea. Mwalimu Mkuu anakuja Alhamisi kutazama sampuli, sasa tunavifanya kimo gani? Nikamwambia dada yangu, usinitilie mchanga kwenye sherehe. Andika, tia sandukuni.

Jumanne, 4 Machi

Leo nimekalia sampuli. Hapa kwetu sheria ni moja tangu siku ya kwanza: hakuna kiti kinachotoka bila mimi kukikalia. Miaka kumi na tisa sasa. Makalio haya yamesoma kuliko mimi, maana mimi shule tuliachana mapema. Nikikaa nikashusha pumzi, kiti kimefaulu. Nikikunja uso, kinarudi kwenye randa.

Cha kwanza alikileta Dada Kipimo. Kifupi, chembamba, kina mikono miwili midogo kama ya mdoli. Tako moja likaingia, la pili likabaki nje linasubiri zamu. Nikakikataa palepale. Nikaagiza waongeze upana, waongeze kimo. Cha pili afadhali. Cha tatu, lo! Raha ya peponi. Nikasinzia kidogo, kikazi.

Nikamuuliza Ndiyo Mzee kiti kikoje. Akasema kitamu. Mafundi wote wakasema kitamu. Dada Kipimo akatazama tepu yake, akanitazama mimi, akatazama dari. Nikamuuliza, una neno? Akasema analo, kashaliandika mara mbili, liko sandukuni. Safi! Mambo yanakwenda.

Jumatano, 5 Machi

Nimefungua Sanduku. Karatasi tisa! Saba zina mwandiko wa Ndiyo Mzee. Mzee usichoke. Mzee picha yako iwe kubwa zaidi. Hili la picha lina uzito, nimeliweka pembeni.

Mbili ni za Dada Kipimo, neno kwa neno sawa. Kiti tulichopitisha, anasema, kinamfaa mtu mzima mwenye umbo la Mzee. Mtoto wa chekechea atakaa miguu ikining'inia. Tuvifanye vidogo, vyepesi, viweze kupandana kimoja juu ya kingine ili wapate kufagia darasa. Nilipofika kwenye "umbo la Mzee" macho yakaacha kusoma. Umbo limeingiaje kwenye biashara? Nimetoa agizo: kuanzia leo wazo lolote niletewe kwanza nilikubali, ndipo liingie sandukuni.

Jioni, pigo. Mama watoto kaniambia kaka yake anamtaka Dada Kipimo akafanye kazi kwake. Huyo kaka yake ni shemeji yangu, alikuwa fundi hapa hapa kwangu. Miaka minne akinisumbua tutengeneze meza za kukunja. Nikamwambia meza ikikunjwa si meza tena, ni aibu. Akaondoka, akafungua karakana yake upande wa pili wa barabara, nikimwona dirishani. Sasa wateja wa meza zake wamepanga foleni mpaka mlangoni kwangu, wananizibia upepo. Na nidhamu huko hakuna! Juzi nimesikia kwa masikio yangu fundi akimpigia kelele, "Wewe bosi, hapo umechemka!" Naye akacheka. Akacheka! Kisha wakabomoa wakaanza upya. Fujo tupu.

Dada Kipimo kamwambia shemeji atampa jibu Jumamosi. Chakula kimenishinda. Nilikula kidogo, mara mbili. Nampenda yule dada kama damu yangu. Mwaka ule paa la nyumba yao lilipoezuliwa, nilifunga karakana siku mbili, nikabeba mbao begani mimi mwenyewe, Mkurugenzi, mpaka mama yake akalala pakavu. Hawezi kuniacha. Ila nitamwongezea cheo: Mkuu wa Ubunifu. Kazi yake kubuni. Kazi yangu kukataa, kwa upole.

Alhamisi, 6 Machi

Mwalimu Mkuu kafika na watoto watano. Mama mwenye miwani na mkoba mzito. Nikamketisha mtoto wa kwanza kwenye sampuli. Hakuketi, alipanda, kama mtu apandaye ukuta. Akaitwa wa pili akakaa pembeni yake. Wa tatu naye akaenea. Miguu sita inapunga hewani. Mmoja akarudi nyuma kwenye egemeo, akajikunja, akalala.

Mwalimu Mkuu akauliza taratibu kama hiki ni kiti cha watoto watatu au ni cha kwake yeye. Ndiyo Mzee akajibu ndiyo. Mwalimu akashika mkoba wake. Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi. Viti sitini vinaondoka!

Hapo mtoto mmoja akapiga kelele kutoka nyuma ya magunia ya maranda. Kaona nini? Kile kiti nilichokikataa, na vingine vinne ndugu zake, ambavyo Dada Kipimo kavitengeneza kwa vipande vya mbao wakati wenzake wanakula. Watoto wakavivamia. Wakakaa, nyayo sakafuni, watulivu kama wabunge. Kisha bila kuambiwa na mtu wakaanza kuvipandanisha, mpaka vikawazidi kimo.

Mwalimu Mkuu akavua miwani. Akauliza ni vya nani. Nikakohoa, nikasema ni vyetu. Akauliza kikalio kina upana gani. Nikasema wa kutosha. Dada Kipimo akamtajia mpaka unene wa kucha. Mama yule akamgeukia yeye, mimi akaniacha kama nguzo, akasema, "Aliyevitengeneza hivi ndiye nitakayempa kazi yote. Jumatatu nitamletea barua hukohuko atakapokuwa."

Nikalia kwa furaha mbele ya watu, sioni haya. Nikanunua soda kwa kila mtu. Ya shemeji nikamtumia ng'ambo ya barabara, imwume. Akairudisha chupa tupu, na salamu.

Ijumaa, 7 Machi

Dada Kipimo kaja ofisini. Nikamvisha cheo cha Mkuu wa Ubunifu, na kofia. Akashukuru, kofia akaiweka mezani. Akasema ana ombi moja tu, hataki la pili: "Viti vya watoto usivikalie, Mzee wangu. Niachie mimi." Nikacheka mpaka nikapaliwa. Kutazama, mwenzangu hacheki. Akasema Jumamosi ni kesho.

Nikaona hapa pana hatari. Nikaapa. Tena nikaenda mbali zaidi, nikabandika tangazo ukutani: "KUANZIA LEO KILA FUNDI YUKO HURU KUBUNI BILA KUOMBA RUHUSA. ANAYETAKA UHURU HUU AJE KUUOMBA KWANGU KABLA YA SAA NNE." Ndiyo Mzee kaliwekea fremu.

Mama watoto alipoliona aliuliza kama utotoni nilidondoshwa. Akasema, baba watoto, mwache dada wa watu afanye kazi. Nikamwambia ndicho hasa nilichofanya, tena kwa maandishi.

Jumamosi, 8 Machi

Kiti cha kwanza cha kazi ya shule kimekamilika. Kizuri! Msasa umepita mpaka unateleza kama sabuni. Niliapa kutokikalia, na kiapo changu si mchezo. Lakini watoto sitini! Kikimvunjikia mmoja je? Roho yangu hainiruhusu. Basi Dada Kipimo alipotoka kunawa mikono nikakaa haraka, kwa ajili ya watoto. Mara hii sikutaka mzaha, nikamwambia Ndiyo Mzee anikandamize mabegani. Yakaingia yote mawili. Kiti hakikutoa hata mlio! Nikashusha pumzi. Kimefaulu.

Nikasimama. Nacho kikasimama.

Haya nayaandika nimeinamia benchi la randa, kiti kiko nyuma yangu kama kobe na gamba lake. Dada Kipimo alirudi, akatutazama, mimi na kiti, kwa muda mrefu. Akasema atakata mkono mmoja wa kiti, dakika mbili tu. Wazo zuri! Nikamsifu mbele ya wote. Nikamwambia aliandike, alilete nilikubali, alitie sandukuni, nami nitafungua mara moja. Hapo nikakumbuka ufunguo uko mfuko wa nyuma. Nikamuuliza Ndiyo Mzee kama tumekwama. Akasema ndiyo.

Dada Kipimo alicheka mpaka akashikilia ukuta. Kisha akafuta macho. Akavua aproni yake, akaikunja vizuri. Akachukua tepu, misumeno, sanduku lake la vifaa, na kile kiti chake cha kwanza. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema lile paa hatalisahau mpaka anaingia kaburini. Adabu ya ajabu! Nimemwona dirishani akivuka barabara kwenda kwa shemeji. Bila shaka kaenda kuazima msumeno wenye meno madogo, asinichubue. Mtu makini sana yule. Nasikia vigelegele huko ng'ambo, nadhani wamefurahi kupata nafasi ya kunisaidia.

Atarudi sasa hivi. Mwalimu Mkuu analeta barua Jumatatu, atanikuta nimeshatoka humu, nimekamilika.

Somo la wiki hii nimelishika barabara, wala sihitaji semina nyingine: ufunguo unatakiwa uvaliwe shingoni.