Bastola Mpya Inataka Mafuta

Jumatatu, 5 Julai 1954
Bastola imefika! Mpya, ya gurudumu la risasi, bado inanuka duka. Bwana mwenye shamba amesema sisi walinzi wawili wa minazi yake ya Mabibo, mimi na Mwinshehe, tutashindana Jumamosi kulenga debe. Mshindi atakuwa mlinzi mkuu, na atapewa nyumba ya bati pale langoni. Nyumba! Nitamleta Auleria kutoka Bukoba. Mke wangu, miaka miwili sijamwona. Nimechoka kulala na rungu.

Jumanne, 6 Julai
Tumeijaribu. Ngumu! Kifyatulio hakivutiki mpaka nikunje uso, na nikikunja uso mtutu unahama. Nililenga debe, nikapiga mnazi. Mwinshehe akalenga debe, akapiga mnazi uleule. Kwa hiyo kosa si letu, ni la bastola. Nimeomba niitunze mimi. Bwana amekubali. Mwinshehe hata wazo la kuomba hakuwa nalo. Amelala!

Jumatano, 7 Julai
Kile kinundu cha mbele ya mtutu nimekipaka chokaa, nione vizuri. Mpini nimeuzungushia mpira wa baiskeli, mkono usiteleze. Baiskeli ni ya Mwinshehe. Anautafuta mpira wake tangu mchana. Nimemsaidia kutafuta.

Ijumaa, 9 Julai
Siri nimeipata: mafuta! Nilikwenda kwa Bi Tunu, mama anayekamua mafuta ya nazi, nikampa shikamoo yake, nikaomba chupa. Akaniuliza huyo ninayetaka kumpaka nywele ni binti wa nani. Nikamwambia ni mambo ya kazi. Nimeimiminia bastola mpaka ndani. Gurudumu linazunguka lenyewe! Kifyatulio kinavutika kwa kidole cha mwisho! Mwinshehe kaona, akasema ndugu yangu, mafuta hayo na kipupwe hiki, utajuta. Wivu. Nimemsamehe.

Jumamosi, 10 Julai
Aibu! Tulianza alfajiri, baridi kali, mbwa wa bwana kajikunja hataki hata kubweka. Nikatangulia mimi. Nikavuta. Wapi! Nikavuta kwa mikono yote miwili. Wapi! Mafuta yalikuwa yameganda ndani, meupe kama mshumaa. Bwana akaiweka bastola juani, akaenda kunywa chai. Aliporudi ikawa zamu ya Mwinshehe, na mafuta yameshayeyuka. Pa! Debe likaruka. Bwana akasema hajapata kushika bastola laini namna hiyo. Laini ya mafuta yangu! Nimelia nyuma ya banda la nazi, nasema kweli. Nilikuwa nimeshapanga kitanda cha Auleria kikae upande gani.

Jumapili, 11 Julai
Mambo si mabaya! Kumbe Mwinshehe alimweleza bwana kwamba ulaini ule ni kazi yangu, na kwamba kushinda namna ile hakumpendezi. Bwana kaagiza turudie Jumamosi ijayo, alfajiri ileile, na bastola niendelee kuitunza mimi. Nimemshukuru Mwinshehe, ingawa najua ana lake. Bi Tunu naye kanieleza, mwanangu, mafuta ya nazi huganda kila kipupwe, hata mtoto anajua. Hapo nikaliona kosa langu: nazi! Vitu vya pwani! Kwetu tuna samli ya ng'ombe. Gozbert wa kwetu, anayeuza maziwa Mwananyamala, amenipa kopo zima. Samli ya haki, nzito, kijiko kinasimama chenyewe. Samli hii kipupwe hakiiwezi. Nimemwandikia Auleria aanze kufunga vyombo.